Habari za mwili wako ni amana, si zawadi kwa mtafiti

Jioni moja mama mmoja, jirani yangu mtaani, alinijia nyumbani akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya mwanawe pamoja na karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Ilikuwa fomu ya idhini aliyotia sahihi miaka miwili kabla, mwanawe alipoingizwa katika utafiti wa chanjo.

"Kaka, hebu nisomee hapa," aliniambia, akinionyesha mstari mmoja karibu na mwisho wa ukurasa wa tatu. Mstari huo ulisema kwamba habari zitakazokusanywa huenda zikatumiwa na watafiti wengine, humu nchini na ng'ambo, baada ya majina kuondolewa.

"Hao wengine ni akina nani?" akauliza. "Na mbona mimi mwenye mtoto sijaambiwa hata alichodungwa kilikuwa nini?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Hata hivyo, tangu siku hiyo nimeyafikiria sana maswali hayo mawili, nami naamini ndiyo yanayostahili kuulizwa na kila mtu anayeombwa kushiriki utafiti wa kiafya. La kwanza lahusu habari zinakokwenda. La pili lahusu kinachorudi.

Msimamo wangu, msomaji, nitausema mapema. Siungi mkono wale wanaotushauri tuwafungie watafiti milango. Wala siungi mkono watafiti wanaodhani kwamba ukishatia sahihi, habari zako zimekuwa mali yao. Habari za mwili wako ni amana. Amana yaweza kutumiwa kwa kazi mliyokubaliana, yaweza hata kukabidhiwa mtu mwingine kwa ruhusa, lakini aliyeishika hana budi kutoa hesabu kwa mwenyewe.

Kinachochukuliwa

Watu wengi wanapoombwa kuingia katika utafiti huogopa sindano. Huko Pwani tulikua tukitishwa kwa hadithi za mumiani, na kule magharibi mwa Kenya watu walinong'onezana kuhusu kachinja, wanyonya damu wa usiku. Damu ndiyo tunayoiona ikitoka, basi damu ndiyo tunayoionea uchungu.

Lakini damu hutolewa vijiko viwili na mwili hutengeneza nyingine. Habari hazina tabia hiyo. Muuguzi wa utafiti ataandika umri wako, kijiji chako, uzani wako, idadi ya watoto uliozaa na waliofariki, maradhi ya wazazi wako, dawa unazomeza, na pengine hali yako ya virusi vya Ukimwi. Kisha maabara itaongeza majibu yake, na siku hizi hata habari za jeni, yaani ule urithi wa mwili unaowahusu pia ndugu zako na watoto wako ambao hawakuulizwa lolote.

Hayo yote huingizwa katika tarakilishi. Jina lako hubadilishwa kuwa nambari, na orodha inayounganisha jina na nambari hufungiwa mahali pengine. Daftari hilo laweza kudumu miaka mingi baada ya kovu la sindano kupotea. Laweza kunakiliwa na kuvuka bahari bila kupungua hata chembe.

Faida yake haina mfano

Kabla hujaogopa, msomaji, yafaa ujue habari hizo zimetuokoa mara ngapi. Nitatoa mifano miwili.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtoto aliyeletwa hospitalini akiwa na homa kali, mikono na miguu imekuwa baridi na damu haizunguki vyema, apewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Vitabu vilisema hivyo. Kati ya 2009 na 2011 utafiti ulioitwa FEAST ulifanywa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa ya Kilifi. Ulihusisha watoto 3,141. Ilionekana kwamba kati ya kila watoto 100 waliopewa maji mengi kwa haraka, karibu 11 walifariki katika saa 48 za kwanza. Miongoni mwa wale ambao hawakuharakishiwa maji, waliofariki walikuwa karibu 7.

Tiba iliyoaminika kuwa ya kuokoa ilikuwa ikiongeza vifo. Kamati huru iliyokuwa ikizikagua takwimu iliona mkondo huo, na mnamo Januari 2011 utafiti ukasimamishwa.

Sasa jiulize: ni daktari gani peke yake wodini angeiona tofauti hiyo? Hakuna. Tofauti ya watoto watatu au wanne katika mia haionekani kwa macho ya mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Ilionekana kwa sababu habari za watoto wa Kilifi zilipangwa pamoja na za watoto wa Uganda na za watoto wa Tanzania, zikahesabiwa kama kitu kimoja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kilichokuwa kikipotea ni uhai.

Mfano wa pili wahusu kushirikiana habari baada ya tafiti kwisha. Mtandao wa kimataifa wa watafiti wa malaria uitwao WWARN uliomba takwimu za mgonjwa mmoja mmoja kutoka kwa majaribio 26 ya dawa ya mseto ya dihaidroatemisinini na piperakwini. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 7,000. Takwimu zilipounganishwa, ripoti ya 2013 ilionyesha kwamba watoto wadogo walikuwa wakipewa dozi ndogo kuliko iliyohitajika, na malaria ilikuwa rahisi kuwarudia kuliko watu wazima. Mnamo 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliongeza dozi kwa watoto wenye uzani wa chini ya kilo 25.

Kila mtafiti kivyake alikuwa na wagonjwa wachache mno kuweza kuuona ukweli huo. Kama kila mmoja angekalia takwimu zake kama kuku anayeatamia, watoto wangeendelea kumeza dawa isiyowatosha. Ndiyo maana nasema kuficha takwimu za utafiti ni kosa. Mshiriki alivumilia sindano na safari ili ukweli ujulikane. Anayezifungia takwimu kabatini amezipoteza sindano hizo bure.

Jina likiondolewa

Basi kama faida ni kubwa hivyo, kwa nini tusitie sahihi na kunyamaza? Kwa sababu ile ahadi ya kuondoa majina si ngome kamili.

Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts huko Marekani lilitoa kwa watafiti habari za matibabu za wafanyakazi wake, majina yakiwa yameondolewa. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Latanya Sweeney, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Akalinganisha mambo matatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na nambari ya posta ya anapoishi mtu. Akazipata habari za matibabu za gavana wa jimbo, William Weld.

Usidhani hayo ni ya Wamarekani tu. Fikiria kata ndogo ya mashambani hapa kwetu. Takwimu zikisema "mwanamke, umri miaka 34, amezaa mapacha mara mbili, ana kifafa," nani kijijini atahitaji kuambiwa jina? Mwenye duka atamjua. Mama mkwe atamjua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kijiji ni kata inayochota kila siku.

Kwa hivyo mtafiti mwaminifu hatosheki na kufuta jina. Hubadilisha tarehe ya kuzaliwa kuwa umri, hutaja kaunti badala ya kijiji, huondoa habari adimu zinazomfichua mtu, na humtaka anayeomba takwimu atie sahihi mkataba wa kutojaribu kuwatambua wenyewe. Aidha, haziachi takwimu wazi kwa kila apitaye bali huweka kamati ya kuchunguza kila ombi: ni nani anaomba, na kwa kazi gani.

Waliyotendwa Wahavasupai

Hatari ya pili ni habari kutumiwa kwa kazi ambayo mwenyewe hakuikubali. Kisa kinachojulikana sana ni cha Wahavasupai, kabila dogo la Wahindi Wekundu wanaoishi ndani ya bonde kuu la Grand Canyon huko Arizona, Marekani.

Mnamo 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walianza kuchukua damu yao. Ugonjwa wa kisukari ulikuwa umewaandama Wahavasupai, nao walielewa kwamba damu ilitolewa kwa ajili hiyo. Lakini maneno ya fomu yalikuwa mapana, yakizungumzia magonjwa ya mwili na ya tabia kwa jumla. Baadaye wakagundua kwamba damu hiyo ilikuwa imechunguzwa pia kuhusu ugonjwa wa akili, kuhusu kuoana kwa watu wa ukoo mmoja, na kuhusu mababu zao walikotoka, jambo lililopingana na imani yao kwamba asili yao ni papo hapo bondeni.

Walikwenda mahakamani mnamo 2004. Mwaka wa 2010 chuo hicho kilikubali kuwalipa watu 41 wa kabila hilo jumla ya dola 700,000 na kuwarudishia damu yao iliyosalia.

Tazama, msomaji, mahali penye kosa. Hakuna aliyeiba damu usiku. Fomu ilikuwepo, sahihi zilikuwepo. Kilichokosekana ni kuelewana. Maneno mapana katika fomu ni mlango uliorudishwa bila kufungwa, na atakayeusukuma miaka kumi baadaye hamjui.

Sheria yetu yasemaje

Kenya si nchi isiyo na sheria katika jambo hili. Tangu Novemba 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Sheria hiyo inazihesabu habari za afya na za jeni kuwa habari nyeti. Inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, na haki ya kutaka makosa yarekebishwe. Unaweza kuondoa idhini yako wakati wowote. Habari nyeti haziruhusiwi kupelekwa kushughulikiwa nje ya nchi bila idhini yako na bila uthibitisho kwamba zitalindwa. Habari zikivuja na kuwe na hatari ya kukudhuru, aliyezihifadhi ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu alipofahamu.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inaruhusu habari zilizokusanywa kwa kazi moja zitumiwe kwa utafiti mwingine, mradi zisichapishwe kwa namna inayomtambulisha mtu. Ruhusa hiyo naiona ni ya haki, kwani bila hiyo kazi kama ile ya dozi za malaria ingekuwa ngumu mno. Lakini ruhusa ya sheria haimwondolei mtafiti wajibu wa kusema waziwazi mapema. Tena, ukiondoa idhini yako leo, kilichokwisha kuchanganywa katika hesabu jana ni vigumu kukichomoa. Hilo nalo linafaa kusemwa kabla ya kalamu kushikwa.

Wakenya wameanza kuamka. Mnamo Desemba 2025, serikali ilipotia sahihi mkataba wa afya na Marekani, swali la habari za wagonjwa wetu lilifikishwa Mahakama Kuu katika muda wa siku chache, nayo ikasimamisha kwa muda sehemu zilizohusu kupeleka habari hizo. Mkataba ule haukuwa utafiti wa dawa, lakini hofu ilikuwa ile ile ya jirani yangu: zinakwenda wapi, na kwa nani?

Kinachorudi

Sasa nije kwa swali lake la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi.

Azimio la Helsinki la 1964, ambalo limerekebishwa mara kadhaa na ambalo madaktari wa dunia nzima hulitaja wanapozungumzia maadili ya utafiti, linasema washiriki wote wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla. Wote. Si wale waliosoma, si wale wanaojua Kiingereza.

Lakini mara ngapi hutokea hivyo? Utafiti ukiisha, gari halionekani tena kijijini. Matokeo huchapishwa katika jarida la ng'ambo kwa lugha ambayo mama aliyembeba mtoto mgongoni kila mwezi hataisoma kamwe. Mtafiti wa mbali aweza kuzifungua takwimu za mtoto huyo kwa kubonyeza kitufe, na mama mwenyewe hajui mwanawe alikuwa katika kundi gani. Hilo silo kosa la sheria pekee. Ni kosa la adabu.

Wapo watakaosema kurudisha majibu kuna gharama, na kwamba fedha za wafadhili huisha utafiti unapoisha. Najibu kwamba gharama hiyo iwekwe katika bajeti tangu siku ya kwanza, kama vile petroli na sindano zinavyowekwa. Kamati za maadili, ambazo lazima ziidhinishe utafiti kabla haujaanza, zina uwezo wa kukataa mpango usioonyesha siku na mahali pa kurudisha majibu. Ziutumie uwezo huo.

Tena jambo hili lawezekana. Huko Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wamefanya utafiti tangu 1989, walianzisha utaratibu wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wanavijiji wenyewe ili kuyapeleka maswali kwa watafiti na kuyarudisha majibu. Walianzisha pia kamati ya kuchunguza maombi ya wanaotaka takwimu. Mimi ningependa kuona utaratibu wa namna hiyo kila mahali panapofanywa utafiti, na ningeongeza jambo moja: katika kamati inayoamua nani apewe takwimu, aketi angalau mwananchi mmoja wa mahali zilikotoka, mwenye sauti sawa na wataalamu. Na wanapokaa kuzihesabu, mtakwimu Mkenya awe mezani, asiwe mletaji tu wa mafaili.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya hayo kutimia, msomaji, usingoje. Ukiombwa kushiriki utafiti, wewe au mwanao, uliza haya kabla ya kutia sahihi:

Habari zangu zitatumiwa kwa ugonjwa huu tu, au kwa mambo mengine pia? Nitajieni.

Nani mwingine atazipata, na ni nani atakayeamua apewe au asipewe?

Zaidi ya jina, mtaondoa nini ili nisijulikane?

Nikikataa habari zangu zipewe wengine, je, naweza bado kushiriki?

Nikibadili nia baadaye, ni habari gani zitaweza kufutwa na zipi haziwezi tena?

Mtarudi lini kutuambia mlichokipata, na wapi?

Mtafiti mzuri hatakasirika kwa maswali hayo. Akikasirika, hilo nalo ni jibu. Na usikubali kuharakishwa: una haki ya kwenda na fomu nyumbani, kushauriana na mumeo, mkeo au mtu unayemwamini, na kurudi kesho. Nakala yako ya fomu itunze kama unavyoitunza hati ya shamba, kwani humo mna nambari ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili.

Vilevile usikimbilie kukataa kwa hofu. Mficha maradhi kifo humfichua, na hilo ni kweli kwa taifa kama lilivyo kweli kwa mtu mmoja. Wako watoto watakaozaliwa kesho ambao dozi yao sahihi imo katika faili la mwanao leo.

Jirani yangu nilimshauri apige simu kwa nambari iliyokuwa chini ya ukurasa wa mwisho. Alipiga mara tatu kabla ya kupokelewa. Baada ya majuma mawili aliitwa kituoni, akaketishwa na kuelezwa kwamba mwanawe alikuwa katika kundi lililodungwa chanjo ya maradhi mengine, ili wale wa chanjo iliyokuwa ikijaribiwa walinganishwe nalo. Akaelezwa pia chanjo hiyo ilionyesha nini.

Nilimwuliza kama amekasirika kwamba mtoto hakupata ile aliyoitarajia. Akatikisa kichwa.

"Hapana, kaka," akasema. "Wangalinikuta pale pale na moyo ule ule kama wangalikuja wenyewe kuniambia."

Bahasha ya kaki ameirudisha sandukuni. Asema wakija tena na utafiti mwingine ataingia, lakini safari hii fomu ataisoma yeye mwenyewe kwanza, mstari kwa mstari, hadi ukurasa wa mwisho.